Siku Nilipomfukuzisha Nafula kwa Mstari Mmoja wa Programu

Nikisema sikuwahi kuona aibu kabla ya siku ile nitakuwa nawadanganya, maana nimekaa polisi miaka thelathini na hakuna anayekaa huko muda wote huo bila kuanguka kwenye gwaride mbele ya wakubwa angalau mara moja (mimi mara mbili, na mara ya pili kofia yangu iliviringika mpaka miguuni pa mke wa kamanda). Lakini zile nilizicheka jioni yake. Hii ya bandarini sijaicheka mpaka leo. Ninyi mkiicheka sitawakataza, ila nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu aliyeumia siku ile si mimi.

Naitwa Okot. Kwetu ni kaskazini, lakini Kampala nimezeeka. Kiswahili changu ni cha kambini, kikaja kunyooshwa kidogo na Wakenya na Watanzania ninaofanya nao kazi, na masomo yangu yaliishia Senior Four, yaani kidato cha nne. Polisi nilikuwa kitengo cha redio, na huko ndiko nilikojifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya C, kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada ambacho mkubwa mmoja alikisahau mezani (sikukirudisha, hilo nalo nalikiri). Nilipostaafu, kampuni ya kupakia mizigo pale bandari ya Port Bell ikanichukua, nikawaandikia programu moja tu, nikaiita Tuma, nikaipenda kama mtoto wa mwisho.

Kazi ya Tuma ilikuwa nyepesi kuieleza. Meli inayobeba mabehewa ya treni kutoka Port Bell kwenda Mwanza haiondoki mpaka orodha ya mabehewa ifike kwenye kompyuta ya ofisi ya Mwanza. Sasa kompyuta zenyewe zinajuana kwa namba, lakini sisi watu tunazitaja kwa majina, kwa hiyo kabla ya kutuma chochote Tuma ilikuwa lazima iulize kwanza: huyu anayeitwa Mwanza, namba yake ni ipi? Swali hilo lilijibiwa na kisanduku kidogo cheusi kilichokaa juu ya kabati ofisini kwetu, nasi tulikiita kisanduku cha majina. Kikijibu, orodha inakwenda. Kisipojibu, Tuma inaandika kwenye skrini kwamba imeshindwa, na sababu yake.

Hapo kwenye sababu ndipo pana aibu yangu yote.

Mtu wa mtandao ofisini alikuwa Nafula, Mkenya wa Bungoma, binti wa miaka ishirini na sita aliyepanga chumba Bukoto na aliyekuja kazini kila siku kabla ya mlinzi kumaliza kufungua lango. Alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Akithibitishwa, anapata mkataba wa kudumu na mama yake mgonjwa anaingia kwenye bima ya kampuni. Asipothibitishwa, anarudi kwao. Hilo tulilijua sote, maana alikuwa akilisema bila kuficha tukinywa chai, na chai yangu alikuwa ananimiminia yeye, tangawizi nyingi, sukari kidogo. Aliniita "Mzee wangu". Watoto wangu wenyewe hawaniiti hivyo.

Halafu katika kikao kimoja akasema, kwa adabu, mbele ya wote, kwamba Tuma inafanya kazi vizuri ila inaposhindwa haitoi sababu ya kweli, na kwamba angependa tukae pamoja tuirekebishe. Basi. Hayo tu. Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi nilimsikia anasema kwamba kazi ya mzee imechakaa, nikanyamaza kikao kizima nikitazama dirishani kama bibi harusi aliyelazimishwa. Siku chache baadaye akaniletea karatasi iliyokunjwa vizuri, akaniambia, "Mzee wangu, nimekuandikia ile habari, soma ukipata nafasi." Nikasema nitaisoma. Alipogeuka nikaitumbukiza kwenye droo, nikaifunga droo kwa goti.

Huo ndio uamuzi wenyewe, ndugu zangu. Goti.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumanne, na zilikuwa zimebaki siku tatu miezi sita ya Nafula itimie. Asubuhi mvua ilipiga sana upande wa ziwani, na karibu saa tatu umeme ukakatika kwa muda wa kufumba macho ukarudi. Kompyuta zetu hazikuzimika kwa sababu zina betri. Meli ilikuwa iondoke saa sita. Bosi wetu (tunamwita Ssalongo kwa sababu ana mapacha, naye hulipenda jina hilo kuliko cheo chake) alikuwa na mgeni kutoka ofisi ya Mwanza, Bwana Masanja, mtu mpole mwenye miwani, aliyekuja kuona tunavyofanya kazi baada ya orodha zetu kuchelewa wiki iliyotangulia na mabehewa manne kubaki gatini. Ssalongo aliniwekea mkono begani akamwambia mgeni, "Huyu ndiye mtambo wetu. Mzee, muonyeshe."

Nikakaa. Nikavuta kiti. Nikaiamuru Tuma itume.

Ikakaa kimya, halafu kwenye skrini yakatokea maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba nimenyimwa ruhusa.

Nikajaribu tena. Nimenyimwa ruhusa. Mara ya tatu, vilevile. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto, na Bwana Masanja nyuma yangu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu asiyetaka kuonekana anatazama.

"Nini?" akauliza Ssalongo.

Hapa ningeweza kusema sijui. Lakini kitengo cha redio hatukufundishwa neno hilo. Ukisema sijui mbele ya kamanda, unalala mahabusu wewe badala ya mwizi. Nikasema, "Nimefungiwa. Kuna mtu amenizuia."

"Nani anaweza kukuzuia?"

"Anayeshika funguo za mtandao ni mmoja tu."

Nafula akaitwa. Alikuja anafuta mikono, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akatazama skrini, akatazama kabati, akasema, "Mzee wangu, umeme umekatika sasa hivi. Hebu subiri dakika chache, ujaribu tena."

Ndugu zangu, jibu lote lilikuwa hapo. Alinipa jibu lote kwa sentensi mbili, bure, mbele ya mashahidi. Na mimi nikafanya nini? Nikapanda sauti, ile sauti ya kaunta ya polisi ambayo nilidhani nimeirudisha pamoja na sare.

"Umeme na ruhusa wapi na wapi? Mashine imesema ruhusa! Nakuuliza, na ujibu ndiyo au hapana: wiki hii hukufunga kitu chochote kinachonihusu?"

Akanitazama. Angekuwa mwongo angesema hapana na yangeishia hapo. Akasema, "Nilifunga folda ya kumbukumbu, ndiyo. Lakini nilikuandikia, na hiyo haizuii kutu..."

"Amekiri!" nikasema, nikamgeukia Ssalongo kwa mkono ulionyooka kama naonyesha kielelezo mahakamani. "Umesikia mwenyewe, amekiri!"

"Ssebo, sikukiri kitu, naeleza," Nafula akaniambia, kwa ile "bwana" ya Waganda, si Mzee wangu, kisha akamgeukia bosi. "Ssalongo, tafadhali, nipe hiyo kompyuta dakika moja tu."

"Usimpe," nikasema. "Atafuta alama zake."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Najua yalitoka kinywani mwangu.

Ssalongo ni mtu mzuri, lakini wiki iliyotangulia alikuwa amefokewa na wenye mizigo, mgeni alikuwa amesimama pale, na meli ilikuwa inapiga honi ya kuonya. Alisema kwa sauti ya chini (hiyo ndiyo ya kuogopa kwake), "Nafula, weka hapa kadi ya lango. Kompyuta ya ofisi iache. Mkataba wako hatutauongeza. Rajabu atakusindikiza."

Aliitoa kadi shingoni. Kamba ikanasa kwenye ile kalamu ya nywele, akahangaika nayo, na hakuna aliyemsaidia, watu tisa tulikuwa mle ndani. Alipoinasua akaiweka mezani kwangu, si kwa Ssalongo. Akasema, "Haya, Mzee wangu." Akatoka na Rajabu, mlinzi wetu, mvua ikiwa imebaki manyunyu.

Mnafikiri iliishia hapo? Ndiyo kwanza ilianza. Nilirudi kwenye kiti, nikaiamuru Tuma kwa hasira, na Tuma ikatuma. Bila kigugumizi. Orodha ikafika Mwanza, simu ikalia, wakasema wameipata.

Ofisi ililipuka. Mmoja akapiga meza, mwingine akasema, "Banange, jamani, yaani ametoka tu, njia imefunguka!" Ssalongo akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, wewe bado ni polisi." Nikacheka. Niliona raha, siwafichi, niliona raha tumboni kama mtu aliyeshiba. Kama kuna mtu aliwahi kuwa na ushahidi mzuri kuliko ule, mimi sijamwona. Msichana ametoka, mlango umefunguka. Mnataka nini tena?

Sasa, orodha zilikuwa mbili. Ya mabehewa, ambayo ilikuwa imekwenda, na ya mizigo iliyomo ndani ya mabehewa, ambayo makarani walikuwa bado wanaihakiki. Ilinifikia saa tano na dakika chache. Wakati huo umeme ukakonyeza tena, taa zikafifia zikarudi, hakuna aliyejali. Bwana Masanja akasogeza kiti akakaa karibu yangu kabisa, akasema, "Mzee, safari hii nataka nijifunze," na makarani wakasogea pia, maana sasa nilikuwa shujaa na watu hupenda kusimama karibu na shujaa.

Nikaiamuru Tuma.

Nimenyimwa ruhusa.

Nikajaribu tena. Nimenyimwa ruhusa.

Bwana Masanja akavua miwani, akaifuta kwa shati, akauliza kwa ule upole wao wa Mwanza unaokata kuliko panga, "Samahani mzee wangu, naomba kuuliza. Huyu aliyekunyima ruhusa, si ameshaondoka?"

Karani mmoja akacheka kidogo, akajiziba mdomo. Kadi ya Nafula ilikuwa bado mezani, picha yake ikiangalia juu.

"Okot," akasema Ssalongo. Si Mzee. Okot. "Nani sasa?"

Kwapa zilikuwa zimelowa. Herufi za skrini zilianza kucheza, nikasema ngoja nivae miwani, na miwani yangu ilikuwa kwenye droo. Nikafungua droo. Juu ya miwani palikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri.

Niliisoma pale pale, wote wakinitazama. Naikumbuka yote. Iliandikwa hivi:

"Mzee wangu, angalia mstari wa 212. Kazi ya kutafuta jina, getaddrinfo, ikishindwa haiandiki kosa lake kwenye errno. Inakurudishia namba ya kosa yenyewe, na maana yake unaiuliza gai_strerror. Wewe umetumia perror, inayosoma errno, kwa hiyo unaweza kuonyeshwa kosa la zamani la kitu kingine kabisa. Pia nimefunga folda ya kumbukumbu kwa usalama. Tuma itashindwa kufungua faili lake humo, itanyimwa ruhusa, lakini itaendelea na kazi kama kawaida. Kisanduku cha majina nacho hakina betri, umeme ukikatika kinachukua dakika kama sita kuamka, nimeshaomba betri. Nipo, tutarekebisha pamoja. Nafula."

Kwa wasiojua mambo haya, nitaeleza kwa lugha ya kituo cha polisi, maana ndiyo lugha niliyojielezea mwenyewe pale. Kituoni kuna daftari mbili. Moja ni ya kaunta, wanamoandika kila tukio dogo. Nyingine ni ya chumba cha redio, ya ujumbe tu. Ujumbe ukikwama, sababu imeandikwa kwenye daftari ya redio. Mimi, mtu wa redio miaka thelathini, nilikuwa nimeiandika programu yangu ikimbilie kaunta na kusoma chochote ilichokikuta kwenye ukurasa, hata kama ni cha kesi nyingine. Tuma ilikuwa kwanza inajaribu kufungua faili la kumbukumbu, inanyimwa ruhusa, inaendelea. Kisha inatafuta jina, kisanduku kimelala, inashindwa. Kisha inakwenda kaunta kusoma sababu, na inasoma nini? Ile ruhusa ya faili. Na asubuhi, msichana alipotoka, si kwamba mlango ulifunguka. Dakika sita zilikuwa zimetimia. Nilizimaliza mwenyewe kwa kumfokea.

"Tunakusubiri," akasema Ssalongo.

Hapa nilipata wazo baya, na nitawaambia kwa sababu nimeahidi kusema yote. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, hakuna mwingine aliyeisoma. Ningeweza kuirudisha kwenye droo, nikasema Nafula ameacha mtego ndani ya mashine, wangeniamini, dakika sita zingepita, orodha ingekwenda, wangenipigia makofi tena. Niliipima njia hiyo. Niliipima kwa muda mrefu kuliko mnavyofikiri.

Halafu nikaona kalamu. Ilikuwa imeanguka sakafuni kutoka kwenye nywele zake, mtu ameikanyaga.

Nikafungua programu, nikateremka mpaka mstari wa 212, nikafuta perror, nikaandika alichosema kwenye karatasi. Vidole vilikosea mara mbili. Nikaiunda upya, nikaiendesha. Maneno mengine kabisa yakatokea.

"Soma kwa sauti," akasema Ssalongo. "Kwa Kiswahili, mgeni asikie."

"Inasema jina halikupatikana kwa sasa. Kosa la muda tu."

"Na dawa yake?"

"Kusubiri kidogo na kujaribu tena."

"Hayo si ndiyo aliyoyasema yule mtoto asubuhi?"

"Ndiyo hayo, Ssalongo."

"Nani amekunyima ruhusa?"

"Hakuna. Hakuna mtu aliyeninyima. Programu ilisoma mahali pasipo, na aliyeiandika ni mimi. Alinionya kwa maandishi, sikusoma." Nikamkabidhi karatasi. Nilitaka kukaa, nikakumbuka nimeshakaa.

Tukasubiri. Kisha nikajaribu tena na orodha ikaenda, simu ikalia, Mwanza wakashukuru. Safari hii hakuna aliyepiga meza. Bwana Masanja akavaa miwani yake akatoka nje taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Ssalongo alipiga namba ya Nafula, imezimwa. Akaichukua ile kadi, akaitia mfukoni mwa shati langu kwa mkono wake mwenyewe.

"Ulimtoa mbele ya watu," akasema. "Kamrudishe mbele ya watu."

Langoni nilimkuta Rajabu, mwanajeshi mstaafu wa Arua, asiyependa maneno mengi. "Huyo musichana alitoka hapa nalia," akaniambia bila kunitazama. "Yeye nasema anapitia Bukoto kuchukua begi, halafu Kisenyi, basi ya Kenya. Sasa wewe unataka nini kwake tena, Mzee? Haijatosha?"

Nikapanda pikipiki mpaka Kisenyi, nimeshika kadi mfukoni njia nzima kama itaruka. Ofisi ya mabasi ilikuwa imebanwa kati ya gereji ya springi za magari na duka la jumla la mchele, nyundo zinalia upande mmoja na wapakiaji wanapiga kelele upande wa pili, na ndani abiria kama ishirini wamekaa kwenye mabenchi na mizigo yao. Nafula alikuwa pembeni, amekalia begi. Macho yamevimba. Aliponiona hakusimama.

Nikainama, nikaanza kwa sauti ndogo, "Binti yangu, nimekuja..."

"Sema kwa sauti, Mzee," akasema. "Kule ulinisema kwa sauti."

Nyundo za gereji zikanyamaza wakati huohuo, kana kwamba zimeambiwa. Abiria wakageuka. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa sauti kwamba nimemsingizia msichana huyu kazini, kwamba hakuzuia chochote, kwamba kosa ni langu tangu mwanzo. Mama mmoja mwenye kikapu akauliza, "Sasa mashine ilisema nini hasa?" Na mimi, mzee wa miaka sabini na moja, nikasimama katikati ya ofisi ya mabasi nikieleza daftari ya kaunta na daftari ya redio, mikono ikienda huku na huku, jasho likitiririka mpaka kwenye kola.

Kijana Msomali mkata tiketi, kwa jina Abdi, alikuwa amesikiliza akiwa ameegemea kaunta yake. Akasema, "Kwa hiyo, Mzee, ulisoma kesi ya jana ukamfunga mtu wa leo?"

"Ndiyo," nikasema.

"Miaka mingapi ulikuwa polisi?"

"Thelathini."

"Ya Rabi," akasema Abdi, "na hao wa miaka yote hiyo je?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, mpaka yule mama akashika kikapu chake kisianguke. Walicheka na mimi nilisimama. Nafula peke yake hakucheka. Alingoja mpaka wakanyamaza.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema. "Pale asubuhi, ulijua ni mimi, au ulitaka niwe mimi?"

Nimehojiwa na maofisa maishani. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile.

"Nilitaka uwe wewe," nikasema. "Tangu siku ya kile kikao."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, ila kama mtu aliyekuwa na hesabu ngumu na sasa imetoka. Nikampa kadi. Akaitazama, hakuivaa, akaiweka kwenye mkoba. "Mimi naenda kumwona mama," akasema. "Ssalongo akinitaka aniandikie barua. Si simu, barua. Na sababu iandikwe ndani. Ile ya kweli."

Basi likaondoka naye. Barua Ssalongo aliiandika siku hiyohiyo, ila sehemu ya sababu aliiacha wazi akanipa kalamu nijaze mwenyewe kwa mkono wangu. Niliandika: Okot alimshtaki Nafula kwa uongo kwa sababu aliona aibu kurekebishwa. Niliposoma nilitaka kulainisha maneno. Nikaiacha hivyo.

Alirudi wiki ya pili. Mkataba wa kudumu alipewa, mama akaingia kwenye bima, kisanduku cha majina kikanunuliwa betri (iliyokuja inavuja, wakairudisha, ya pili bado haijafika). Tuma tuliikarabati pamoja, mstari kwa mstari, yeye akionyesha, mimi nikiandika. Anafanya kazi nami vizuri. Ananiita Mzee Okot, kwa heshima zote. Chai sasa najimiminia mwenyewe, na siku zote nazidisha sukari.

Mimi nimeapa kitu kimoja tu, nacho ni hiki: sitamwambia mtu tena kwamba najua sababu kabla sijaangalia nimeisoma wapi. Karatasi ya Nafula nimeibandika ukutani juu ya skrini, na droo nimeitoa kabisa, pamebaki tundu.

Umeme ungali unakatika pale Port Bell, hasa mvua ikipiga. Ukikatika, Tuma inaandika kwamba jina halikupatikana kwa sasa, nijaribu tena baadaye, na kila mtu ofisini huinua kichwa kunitazama, Nafula naye. Mimi nakunja mikono mapajani, nasubiri. Dakika sita. Zamani nilidhani ni muda mdogo.